Meneja aliyeacha kuniamkia, na huduma niliyoipata CMA

Meneja wetu ana umri wa mdogo wangu wa mwisho. Tangu aletwe pale hotelini, kila asubuhi akinikuta stoo ya mashuka alikuwa ananiamkia, "Shikamoo mama," nami naitikia, "Marahaba baba, umeamkaje?" Asubuhi ya tarehe 3 Septemba mwaka jana alinikuta palepale, nimekumbatia mataulo, akanipita. Nikadhani hajaniona. Nikamwita, "Baba, za asubuhi?" Akatoa simu mfukoni, akaanza kuisoma. Kioo cha simu kilikuwa kimezima. Nilikiona kwa macho yangu, cheusi, na yeye anakisoma.

Siku mbili kabla nilikuwa nimepeleka barua. Mimi ni mhudumu wa vyumba, mwaka wa tisa sasa. Idd el-Fitr nilifanya kazi, Sabasaba nikafanya, Nane Nane nikafanya, na kote huko tulikuwa tunaambiwa malipo ya sikukuu yatakuja pamoja na mshahara wa Agosti. Tarehe 30 Agosti mshahara ukaingia mkavu. Nilipomuuliza meneja akasema hoteli hailipi sikukuu. Tukaandika barua watatu, mwandiko wangu, nakala kwa mwenye hoteli. Wenzangu wawili walisaini, halafu kabla wiki haijaisha wakaenda ofisini mmoja mmoja kusema wamejiondoa. Siwalaumu, wote wana watoto shuleni. Ila jina langu likabaki peke yake kwenye karatasi ile.

Basi nikakaushiwa. Nilitolewa kwenye kundi la WhatsApp la zamu, nikawa najua ratiba yangu kwa kukuta kikaratasi kimebandikwa na selotepu kwenye toroli. Wiki ya pili kikaratasi kikaandikwa "DOBI". Nikashushwa chumba cha kufulia, ambako hakuna mgeni na kwa hiyo hakuna bakshishi. Kwenye kikao cha Jumatatu akiuliza maoni alikuwa anazunguka meza nzima, akifika kwangu anaruka kwenda kwa anayefuata. Wenzangu waliona, nao wakaanza kuchukua sahani zao za mchana kwenda kulia nyuma ya jiko. Hakuna aliyenitukana, na barua ya onyo sikupewa. Hapo ndipo pagumu, maana ukienda kumwambia mtu mzima "bosi hanisalimii" unaonekana umedeka. Lakini mimi nilikuwa naamka saa kumi na moja tumbo linauma, na mwezi wa Oktoba ulipoanza nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Ilikuwa kwenye mkoba.

Mpangaji mwenzangu ndiye aliyenizuia. Yeye aliwahi kupita kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazini, hii tunayoiita CMA, akaniambia, "Dada, usiipeleke hiyo. Nenda kwanza ukaulize." Nikaenda. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayepitia baridi kama ile, kwa sababu mimi nilikuwa naamini CMA ni ya watu waliofukuzwa tu.

Kwanza, hawatozi ada. Nilikuwa nimekopa elfu hamsini kwa shemeji nikijua ni kama mahakamani, nikarudi nayo yote, nimepunguza nauli na hela ya kutoa nakala. Unajaza fomu inaitwa CMA F1. Aliyenipokea hakuniuliza nimejisikiaje. Aliniuliza mgogoro ulianza tarehe ngapi. Nikaanza kumwelezea habari ya salamu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena, "Tarehe, mama." Nikamwambia tarehe 30 Agosti, siku niliyokataliwa malipo. Akahesabu: siku hiyo ilikuwa 15 Oktoba, siku 46 zimepita. Kwa madai kama yangu kikomo ni siku 60. Kwa mtu aliyeachishwa kazi ni siku 30 tu, na ukichelewa inabidi uombe kibali na ueleze sababu za kuchelewa. Nilikuwa nimebakiza siku 14 bila kujua. Ningekaa nanuna nyumbani mpaka Novemba ningekuwa naomba kibali.

Ile barua ya mkobani nilimwonyesha pia. Akanieleza kitu ambacho natamani kingebandikwa kila chumba cha kubadilishia nguo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua kwamba mwajiri anaweza kukufanyia kazi iwe haivumiliki mpaka ukaondoka mwenyewe, na kuondoka kwa namna hiyo kunahesabika kama umeachishwa. Lakini ni wewe utakayetakiwa kuonyesha hivyo, na utaulizwa kama ulitumia kwanza njia za malalamiko zilizokuwepo. Anayetupa barua kwa hasira na kwenda zake anakuwa amejifungia mlango. Nilirudi nayo nyumbani, nikaichana.

Sehemu iliyonitetemesha ni kwamba nakala ya fomu unaipeleka mwenyewe kwa mwajiri, kisha unarudisha uthibitisho kwamba ameipokea. Nilisimama mbele ya meza ya meneja na ile karatasi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Weka hapo." Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya wiki sita. Nikamwomba katibu muhtasi asaini na kugonga muhuri kwenye nakala yangu, akasaini mikono ikimtetemeka kuliko yangu. Usiondoke bila muhuri.

Tuliitwa tarehe 6 Novemba, yaani ndani ya zile siku 30 ambazo msuluhishi hupewa kumaliza kazi yake. Unaruhusiwa kwenda na wakili, au mtu wa chama cha wafanyakazi, au mtu yeyote uliyemchagua mwenyewe akuwakilishe. Kwetu hakuna tawi la CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hotelini, nikaenda na daftari langu. Yaliyosemwa mle ndani ni ya siri, na ya upande wa pili sitayagusa. Naandika niliyoulizwa mimi.

Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba. Alianza kwa kusema yeye si hakimu, hatatoa hukumu, na tusipoelewana jambo litakwenda hatua ya uamuzi. Kisha akanigeukia. Nikasema ninanyanyaswa. Akasema, "Nifafanulie. Siku gani, nani alikuwepo, na wewe ulikosa nini?" Nikafungua daftari. Mpangaji mwenzangu alinifundisha kuandika kila siku, hata siku ambayo hakukuwa na jambo. Nikasoma: 10 Septemba, nimetolewa kundi la zamu, kesho yake nimefika saa moja na zamu yangu ilikuwa saa nane. 15 Septemba, nimehamishiwa dobi, hakuna barua. 22 Septemba, mafunzo ya usafi wa vyumba, wahudumu wote wameitwa isipokuwa mimi. Kila nilichosoma alikiandika. Nilipofika kwenye salamu aliweka kalamu chini, akaniangalia, akasema, "Pole mama. Hilo nimelisikia." Hakuliandika, nami nikaelewa. Lakini sijasahau kwamba alilisikia.

Hapa ndipo huduma ile iliponisaidia kuliko fedha. Kwa miezi miwili nilikuwa nimebeba kitu kisicho na jina, nikimwambia mume wangu anachoka kunisikiliza, nikijiambia labda ni mimi. Yule mama alikipasua vipande vipande: hiki ni ratiba, hiki ni kubadilishiwa kazi bila kuulizwa, hiki ni kunyimwa mafunzo, hiki ni fedha. Kila kipande kikawa na tarehe, na chenye tarehe mtu anaweza kukijibu au kushindwa kukijibu.

Fedha tulizimaliza haraka. Mshahara wangu ni 312,000 kwa mwezi. Unagawanya kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa 45, inatoka 1,600 kwa saa. Saa ya sikukuu hulipwa mara mbili, kwa hiyo 3,200, mara saa 8, mara siku 3: shilingi 76,800. Watu wakisikia hushangaa, yote yale kwa hela isiyofika laki! Nami nawajibu kwamba Idd ile watoto wangu walikula pilau bila mimi, nami nilikuwa natandika vitanda 14.

Tulisaini makubaliano. Nilipwe ndani ya siku 14, nikalipwa siku ya 9. Nirudi ghorofani. Ratiba itolewe kwenye kundi moja lenye wahudumu wote, nami nikiwemo. Nikipangiwa kazi tofauti nipewe kwa maandishi na sababu yake. Makubaliano ya usuluhishi yakishasainiwa yanabana, na upande mmoja ukiyavunja yanaweza kukaziwa kama hukumu ya mahakama. Karatasi yangu iko ndani ya kabati, chini ya vyeti vya watoto.

Sitaki nimdanganye mtu. Mle ndani hakuna fomu ya kumrudisha mtu moyo. Kama unachotaka ni bosi wako akupende kama zamani, hutakipata CMA, na bora ujue hivyo kabla ya kupanda daladala. Pia utarudi kazini siku inayofuata na utamkuta yuleyule, mezani pake palepale, na yeye amekuona umekaa mbele ya msuluhishi. Wiki ile ya kwanza ilikuwa nzito kuliko zote. Na CMA hii ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira. Mtumishi wa umma naye ana njia zake za rufaa za kupitia kwanza.

Anayekwenda abebe mkataba wa ajira, hati za mshahara, nakala ya barua ya malalamiko iliyogongwa muhuri, na daftari lenye tarehe. Hati moja ya mshahara niliisahau nyumbani, nikarudishwa kuifuata. Afike asubuhi mapema, na siku 60 azihesabu leo, kuanzia tarehe mgogoro ulipoanza.

Mimi niko ghorofa ya tatu, vyumba 14. Shikamoo haijarudi. Juzi lifti ilifunguka, tukawa wawili ndani yake, nikasema, "Za asubuhi, baba." Kimya kikapita ghorofa moja. Akasema, "Nzuri. Chumba 308 wanatoka saa nne, uanze nacho." Nikamjibu sawa, nikaenda nikaanza nacho.