Studio ya kutoa mng'ao kwenye picha, Majengo Dodoma: kidoti wanatoa, ukungu hapana

Kama una picha za mahafali ya pale UDOM au za harusi ya mchana zimeharibiwa na mng'ao, yaani jua limeingia kwenye lensi likaacha vidoti au ukungu, kuna studio maeneo ya Majengo wanazisafisha kwa kompyuta, buku tatu picha moja, ukipeleka nyingi mnaelewana. Jina siliweki maana mengine nitakayosema sio mazuri.

Tuanze na yaliyonifurahisha. Picha ya mdogo wangu na joho lake, jua la saa kumi liko kona ya juu kulia, halafu kidoti cha kijani kimetua chini kushoto, mkononi pale aliposhika cheti, juu ya piko. Kijana wa pale akanambia we vuta mstari toka kwenye jua upite katikati ya picha uone. Nikavuta kwa kidole, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye kidoti! Kumbe mwanga ukishagonga sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, mwingine unarudi juu kwenye lensi, unarushwa tena chini upande wa pili, ndo maana programu inajua pa kukitafuta. Kakitoa, maua ya piko yako palepale, hata kucha haijapakwapakwa. Hapo nawapa mia kwa mia.

Shida ikaja kwenye picha ya shangazi, tumempiga usiku stesheni ya SGR, taa kali iko nyuma yake na kioo cha kamera ya simu kina vumbi letu hili la Dodoma, picha nzima imepauka kama ina ukungu. Yule kijana akasema AI inatoa kila kitu, lete hela. Nikatoa. Picha ikarudi ina rangi kali kweli, inang'aa, ila zuumu sasa kwenye kanga: maandishi yamekuwa vidudu, herufi ambazo hazipo kwenye lugha yoyote, na shangazi kaongezewa kipini puani ambacho hajawahi kuvaa maishani. Alivyokiona alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa hapo sio kijana hajui kazi, ni ahadi yake ndo ya uongo. Mwanga ukishajaza sensa mpaka sehemu hiyo ya picha ikawa nyeupe tupu, chini yake hakuna kitu cha kurudisha, programu inabuni tu. Hata watu wa Google 2021 walipofundisha mtandao wao wa AI, yaani programu inayojifunza kwa mifano, kutoa mng'ao walichukua picha safi wakazibandika mng'ao wa kutengeneza, ndo ukajifunza kutokea hapo. Na watafiti wa kamera kina Ramesh Raskar 2008 wao waliweka kichujio cha vitundu karibu na sensa ndani ya kamera, miale mibaya ijitenge wakati picha inapigwa, halafu kompyuta iitupe, na bado picha inapungua ukali. Sasa we umepiga na simu yenye vumbi, unataka buku tatu ifanye hayo yote?

Kudai hela yangu ya ile ya shangazi ilikuwa kesi, mwisho wakanipa ofa ya kuprinti bure, nikachukua.

Kwa hiyo vidoti na vile vimduara vya rangi peleka bila wasiwasi. Iliyopauka yote waambie wakuoneshe kwenye skrini kabla hujalipa, na uzuumu mwenyewe kwenye sura na maandishi. Jumapili wanafunga, kulipa kwa simu wanapokea ila makato ni yako.