Uzoefu wangu: miezi tisa ya kubadilishana Kiswahili kwa Kihispania mjini Madrid

Nilipohamia Madrid nilikuwa nimekwisha kujifunza Kihispania kwenye simu kwa zaidi ya mwaka mmoja, nikikusanya alama kila usiku kabla ya kulala. Hata hivyo, muuza zeituni wa soko la Maravillas, mtaa wa Bravo Murillo, aliponiuliza "¿Qué te pongo?", yaani nikuwekee nini, nilimjibu kwa kidole. Maneno nilikuwa nayo kichwani, lakini ulimi haukuwa umezoea kuyatoa mtu akiwa amesimama mbele yangu anasubiri.

Nilijaribu kwanza masomo ya kulipia kwa njia ya video. Mwalimu alizungumza muda mwingi kuliko mimi, na vipindi vilivyoahirishwa sikurudishiwa fedha yake, kwa hiyo niliacha. Ndipo nikaingia katika kile ambacho Wahispania hukiita intercambio, na hicho ndicho ninachotaka kukieleza hapa: watu wawili hukutana, nusu saa huzungumza lugha ya mmoja, nusu saa lugha ya mwingine, na gharama yake ni kikombe cha kahawa ambacho kila mtu hujilipia.

Mwenzangu ni mama mstaafu ambaye binti yake ameolewa Arusha, naye anataka kuzungumza na mjukuu wake kwa Kiswahili. Tunakutana kila Jumatano. Katika nusu saa yake ninamwamkia shikamoo naye anaitikia marahaba. Katika nusu saa yangu amenikataza kabisa kumwita "usted", yaani "wewe" ya heshima, ingawa ilinichukua wiki kadhaa kuzoea kumwambia mtu wa umri wa mama yangu "tú", ile "wewe" ya kawaida. Kilichonifaa zaidi, hata hivyo, ni mpango wetu wa siku nyingine sita. Kila jioni ninamtumia ujumbe wa sauti wa dakika 2 kuhusu jambo moja nililolifanya siku hiyo, naye hunisahihisha makosa matatu tu, nami kesho yake lazima nianze kwa kuzirudia sentensi hizo tatu zikiwa sahihi.

Kosa lililonisumbua kuliko yote lilikuwa kuchanganya "ser" na "estar", vitenzi viwili vyenye maana ya "kuwa" ambavyo kitabu changu kilivitenganisha kwa kanuni ya mambo ya kudumu na mambo ya kupita. Nilisema "soy cansada" jioni baada ya jioni. Siku moja, katika nusu saa ya Kiswahili, nilikuwa ninamfundisha "nimechoka" na "mlango umefungwa", akashtuka na kusema kwamba zote mbili kwao ni "estar": "estoy cansada", "la puerta está cerrada". Tukaendelea kupima mifano mezani. Palipo na "ni" kwetu, kama "ni mwalimu", wao mara nyingi hutumia "ser"; palipo na "yuko" au "liko", au "-me-" ya hali iliyofikiwa, hutumia "estar". Hata "está muerto", ambayo ile kanuni ya kudumu na kupita haiwezi kuieleza, inalingana sawasawa na "amekufa". Zipo tofauti, kwa mfano mahali pa sherehe husemwa kwa "ser", lakini tangu siku hiyo ninachagua kitenzi bila kusimama katikati ya sentensi.

Soko nalo limekuwa darasa langu la Jumamosi. Ninapofika ninauliza nani wa mwisho, "¿quién es la última?", kisha ninasubiri zamu yangu huku nikisikiliza wengine wanavyoagiza. Hapo ndipo niliposikia "ponme", yaani niwekee, badala ya maombi marefu niliyokuwa nimeyakariri. Mteja mmoja aliomba "cuarto y mitad" ya zeituni. Mimi nikajumlisha robo na nusu kilo nikapata gramu 750, nikaagiza vivyo hivyo, nikapewa mfuko mdogo mno. Jioni nilimsimulia mwenzangu, akanieleza kwamba hiyo "mitad" ni nusu ya robo, kwa hiyo jumla ni gramu 375. Neno nililolikosea mbele ya mizani halijanipotea tena.

Matamshi hayakunipa shida kubwa, kwa kuwa irabu zao tano ni kama zetu, "z" ya Madrid ni "th" ya thelathini, na "j" yao inakaribia "kh" ya Khamis.

Huduma hii ina mipaka yake. Asiyeweza bado kuunda sentensi rahisi atachoka upesi, na mwenzake pia. Saa isipopimwa, mazungumzo huelekea kwenye lugha ambayo wote wawili wanaimudu zaidi, ndiyo maana sisi huweka simu mezani ilie dakika ya 30. Subjuntivo, ile hali ya kitenzi ya matakwa na mashaka, ilinilazimu kurudi kwenye kitabu cha sarufi, kwa sababu mwenzangu huitumia vizuri lakini hawezi kuieleza. Pia nilipoteza wenzi wawili kabla ya kumpata huyu: mmoja alikuja mara moja tu, na mwingine alitaka kuzungumza Kiingereza.

Anayeishi katika mji wenye wasemaji wa Kihispania aanze kwa kusoma mbao za matangazo za maktaba na vyuo vikuu, na aandike waziwazi kwamba anatoa Kiswahili. Tangazo langu lilikaa siku 11 kabla ya mama huyu kunipigia simu.