Fosi V3 na DAC ya elfu 40: karibu nitoe laki 9 bure

Jamani anayetaka kununua ampu na DAC (kile kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kua sauti ya kupeleka kwenye ampu) hapa Kampala asome hii kwanza, maana mi karibu nitoe laki 9 kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikua ya elfu 40.

Mzigo wangu ni huu. Spika ni Wharfedale Diamond za mtumba, nyuma zimeandikwa omu 6, nilizitoa pale Ben Kiwanuka Street zina vumbi la miaka na wavu mmoja umechanika. Ampu ni Fosi V3. Muziki unatoka kwenye laptopu, jioni tunahamia tivi. Sebule yenyewe ni ya kawaida tu, ukikohoa jirani anakupa pole.

Ampu kwanza. Ndani kuna chipu ya TPA3255 ya Texas Instruments, hiyo hiyo utaikuta kwenye Aiyima A07 na nyingine kibao, ni klasi D, yaani aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, kwa hiyo haichemki, mi huwa napiga rumba toka saa nane mpaka magharibi nikiishika ni vuguvugu tu. Sasa kuhusu zile wati 300 mara 2 wanazotangaza, wee cheka tu. Geuza adapta usome. Yangu ni voliti 32, ampia 5, zidisha hapo unapata wati 160, sasa wati 600 zitatoka wapi, kwa mganga? Na hizo 160 ugawie spika mbili. Kuna ya voliti 48 nayo inafika 240. Halafu ile 300 yenyewe chipu inaifikia sauti ikiwa imeshapasuka kwa asilimia 10, hapo hata harusi watakurudisha nyumbani.

Lakini msiogope, 160 ni nyingi sana kwa nyumba. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, yaani sikio linasema "mh, imepanda kidogo", na ili lisikie sauti imekua mara mbili unahitaji wati kama mara 10. Mi nikisikiliza kawaida sidhani hata wati 5 zinaisha. Kwa hiyo muuzaji akikwambia ongeza hela upate wati 50 zaidi, mshukuru uondoke.

Sauti yake? Nzuri kabisa. Besi imekaza haivimbi, gitaa la solo kwenye sebene unalisikia kila uzi. Ina kitufe cha besi na cha treble, mi naviacha katikati. Isipokua haina rimoti, na mlango wa kuingizia waya nyekundu na nyeupe ni mmoja tu, so kama una tivi na deki na redio fikiria kwanza.

Sasa kisa chenyewe. Siku ya kwanza nimeunga laptopu, kabla hata ya wimbo nasikia mmmmmmm kwenye spika zote mbili. Nikabadilisha waya, wapi. Nikarudi mjini kwenye duka moja (silitaji), jamaa hakuuliza hata swali, akasema bosi hiyo ni DAC ya laptopu mbovu, chukua DAC hii ina chipu ya ESS (kampuni ya chipu za DAC), laki 9, utanishukuru. Bahati nzuri sikua na laki 9. Akaniazima siku 2 kwa dhamana ya simu yangu ya zamani. Nikafika nyumbani nikaunga, mmmmmm iko pale pale!

Usiku huo umeme ukakatika kidogo ukarudi, laptopu nilikua nimechomoa chaja. Kimyaa. Nikachomeka chaja, mmmm. Nikachomoa, kimya. Kumbe! Chaja ya laptopu ina pini 3, adapta ya ampu nayo pini 3, zote zina ethi (ule waya wa kwenda ardhini), ukiziunganisha na waya wa sauti umetengeneza mduara na ule umeme wa hezi 50 unazunguka humo mpaka kwenye spika. DAC ya laki 9 haina la kufanya hapo, mduara haujakatika.

Dawa ni waya wa optiko. Huo unapitisha mwanga tu, umeme haupiti, mduara unakufa. Nikanunua kiboksi cha elfu 40 cha kugeuza optiko kua waya nyekundu na nyeupe, nacho ni DAC tu, laptopu naiunga kwenye tivi kwa HDMI, tivi inatoa optiko kwenda kwenye kiboksi. Mambo matatu yatawasumbua: toa kile kikofia cha plastiki kwenye ncha ya waya (mi nilisukuma nacho, nikalaani kiboksi nusu saa), kwenye setingi za sauti za tivi chagua PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa) maana vile viboksi vya bei nafuu haviijui Dolby (sauti iliyobanwa), na msikipe kiboksi umeme kutoka kwenye USB ya tivi, mduara utarudi na mmmm yake. Tumia chaja ya simu ya pini 2 au pawabanki.

Kabla sijarudisha ile ya laki 9 nikasema ngoja nizishindanishe. Nikaazima mita kwa fundi, nikapiga toni ya hezi 60, nikalinganisha voliti zinazotoka kwa zote mbili, hii ni lazima maana yenye sauti ya juu kidogo sikio linaipenda tu bila sababu. Shemeji akakaa nyuma ya kochi anabadilisha waya, mi nimegeukia ukuta.

"Haya shemeji, hii ni ya tajiri au ya maskini?"

"Ya tajiri! Sikia hiyo besi ilivyo nzito."

Akacheka mpaka akaangusha mita. Mara 10 nilipata 5, yaani hata sarafu ingenifikia. CD toka 1982 ni biti 16 na kilohezi 44.1, inabeba mpaka kilohezi 22 wakati sikio zima linaishia 20, na kiboksi hiki kinaiweza hiyo kazi bila jasho. Kama una optiko huna haja ya kuuza mbuzi.

Kilichobadilisha sauti kuliko DAC zote ni kuzitoa spika kwenye kona, nimezivuta kama hatua moja toka ukutani, besi ikaacha kuguruma. Sai zimekaa juu ya matofali niliyoyafunga kitenge, mama watoto hajafurahi. Kuna fundi wa kuchomelea kule Katwe ameahidi stendi wiki ijayo, akinipa bei nitaiweka hapa.