Skana ao mikono ya fundi: Golf GTI ikianza kutetemeka

Golf GTI ikianza kutetemeka kwa relanti (motere inazunguka bila kukanyaga) na taa ya motere inawaka-waka, huku Goma kuko wenye kukimbilia skana (kifaa cha kusoma kodi za makosa kwa kompyuta ya gari), na kuko wenye kuita fundi achomoe bobini (inayopeleka umeme kwa bujie ili itoe cheche).

Skana iko haraka. Ikileta kodi P0301, silinda ya 1 njo haichomi muzuri, ikileta P0300 basi kosa linaruka-ruka toka silinda moja mpaka ingine. Lakini kodi haisemi ni bujie, bobini ao enjekta (inayonyunyizia esansi) imekufa, na wengi wanasoma tu ile namba wanaenda moja kwa moja kununua bobini mpya, dola zinaisha, motere bado inatetemeka vile vile.

Fundi yeye anatoa bobini ya silinda ya 1 anaiweka kwa silinda ya 3, ya 3 anaileta kwa 1, anawasha. Kosa likihamia kwa 3, bobini njo mbovu, na hujanunua kitu. Lisipohama, anafanya vile vile na bujie. (Kusoma P0303, kodi ya silinda ya 3, tena ni skana, lakini sikio la fundi muzuri nalo linasaidia.)

Kwa P0171, hewa mingi kuliko esansi, hapo kubadilisha bobini ni kupoteza muda. Skana inaonyesha kompyuta inaongeza esansi kiasi gani: ikiongeza sana kwa relanti halafu inashuka ukikanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika, tafuta mpira uliopasuka unavuta hewa.

Mimi naanza na skana ya bei ndogo kisha bobini. Na ile taa ikiwaka-waka usiendelee kukimbiza gari, esansi isiyoungua inaua katalizeri (inayosafisha moshi wa gari).