Ugali nusu, mboga mara mbili: kibanda cha Mwanga kwa sisi wenye meno ya kuhesabu

Kibanda chenyewe hakina kibao. Kiko Mwanga, hapa Kigoma mjini, nyuma ya soko, upande ule mafundi cherehani walikopanga mashine zao barazani. Ukimwambia dereva yeyote wa bodaboda "nipeleke kwa mama wa dagaa" atakushusha mlangoni, ingawa mlango hakuna. Kuna mabati juu, turubai la bluu ubavuni, mabenchi, na majiko ya mkaa yasiyopoa tangu alfajiri. Hoteli za kando ya ziwa zina watu wengi wa kuzisifia, na picha za machweo juu. Mimi ni mstaafu wa reli, nina presha, meno ya juu yamebaki ya kuhesabu na ya chini ni ya bandia, na mama watoto yuko Dodoma analea mjukuu. Mchana nakula nje. Basi hii naiandika kwa watu wa rika langu, na kwa watoto wetu wanaotutumia hela ya kula bila kuuliza tunakula nini.

Sahani ya mama ntilie, popote nchini, imepimwa kwa tumbo la kijana anayebeba magunia. Mlima wa ugali, kipande cha samaki kinachoelea kwenye mchuzi, na mboga kijiko kimoja pembeni kama hereni. Kijana wa kupakia mizigo Kibirizi sahani hiyo inamfaa, ataimaliza na jasho litaimaliza tena kabla ya saa kumi. Mzee akiletewa hiyo anaanza na ugali kwa sababu ndio laini, anashiba, samaki anabaki na miiba yake, anaambiwa "mzee siku hizi huli". Anakula sana, ila anakula wanga mtupu.

Huku kwetu jambo lenyewe ni kubwa zaidi kwa sababu ya ugali wa muhogo. Naupenda, nimelelewa nao, ukiwa mweupe na unavutika sina maneno. Lakini unga wa muhogo kwenye gramu 100 una protini gramu moja au mbili tu. Wataalamu wa lishe ya wazee wanataka mtu wa umri wetu apate protini kati ya gramu 1 na 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani zaidi ya kijana, maana misuli ya uzeeni haiitikii chakula upesi. Mimi nina kilo 62. Piga hesabu, ni gramu 62 mpaka 74. Kipande cha samaki aliyeiva, ukubwa wa kiganja, kina kama 20. Kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Yai moja 6. Ukikosa mchana, usiku huwezi kufidia, labda ule kama harusini.

Ndiyo sababu nikamwomba huyu mama kitu ambacho wengine walikuwa wamenikatalia.

"Shikamoo baba. Leo nikupe nini?"

"Marahaba mwanangu. Nipe ugali nusu, mboga mara mbili, na dagaa hao waongeze."

Akaniangalia. "Baba, utashiba kweli? Wasije wakasema nimekunyima."

Alipoona nimemaliza, sikuhitaji kueleza tena. Sasa nikitokea tu kwenye kona ananyanyua upawa mdogo. Bei ni ileile ya sahani nzima, shilingi elfu tatu, na sioni ubaya: ugali ninaoacha na dagaa ninaoongezewa vinafidiana, na hasara kama ipo ni yake. Mahali pengine mjini nilijibiwa kwamba sahani ni sahani, kama sitaki ugali niuache. Nikauacha, na sikurudi.

Nije kwenye dagaa wenyewe, maana hapo ndipo mama huyu anapowaacha wenzake mbali. Ananunua waliokaushwa juu ya chanja, si wale waliomwagwa mchangani. Mwenye meno yake yote anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Aliyevaa meno ya bandia anajua punje moja ya mchanga ikiingia chini ya fizi inavyoharibu siku. Hata hao wa chanja anawaosha kwa maji ya vuguvugu, anawanyanyua kwa mikono badala ya kuwamimina, ili kilichotuama chini ya beseni kibaki huko huko. Nilisogea nikaangalia: palibaki ukungu wa vumbi na vipande vya magamba, akamwaga, akarudia mpaka maji yakatoka yanavyoingia. Halafu anawakaanga vikavu kidogo bila mafuta, harufu ikianza kutoka anaweka kitunguu, nyanya nyingi, na mawese kidogo. Anafunika. Wakiiva wanalainika mpaka unamtafuna dagaa mzima na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo yenye kalsiamu. Wana pia vitamini B12, ambayo tumbo la mzee huivuna kwa shida kutoka kwenye chakula, kwa hiyo ni vizuri iwe mezani mara kwa mara.

Mgeni ajue kwamba hapa chakula kinafuata mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, wavuvi wanapumzika. Siku za giza utakuta dagaa wabichi na migebuka waliotoka mwaloni asubuhi hiyo. Siku za mbalamwezi utakuta wakavu, na bei inapanda. Mwaka 2024 serikali iliposimamisha uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, wazee wengi tulirudi kwenye maharage, na kusema kweli maharage ya Kasulu yakipikwa hadi mchuzi ukawa mzito si adhabu hata kidogo.

Migebuka wake ni watamu, wa kukaushwa kwa moshi kisha wakapikwa rosti, lakini kwa mzazi mwenye macho hafifu siwapendekezi kama hana wa kumchambulia miiba. Siku akiwa na kuhe, mchukulie kuhe. Nyama yake ni nene na inajiachia yenyewe kwenye mfupa. Bei yake sasa ndiyo itakayokufanya umpigie simu mwanao.

Kisamvu chake nakipa alama zote. Kinatwangwa kwenye kinu hapo nyuma, kinachemshwa muda mrefu, jambo la lazima kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu, kisha kinaungwa karanga zilizosagwa. Ni mboga ya mtu asiye na meno, na ina nyuzinyuzi za kumsaidia yule ambaye choo kimekuwa kigumu, ugonjwa wa wazee ambao hakuna anayeuzungumza mezani ila wote wanao. Matembele nayo hayana neno. Siku za Jumatano na Jumamosi huwa anasonga ugali wa dona kwa anayeagiza mapema. Mwenzangu ninayekula naye ana kisukari, na yeye huchukua huo, kipande kidogo, na kisamvu cha kujaza bakuli.

Sasa lawama, na ya kwanza ni chumvi. Sisi wa mkoa huu tunaweza kujitetea kwamba Uvinza watu walikuwa wanachemsha chumvi karne nyingi kabla ya Mjerumani kufikisha reli yake Kigoma mwaka 1914. Presha haijali historia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazifiki kijiko cha chai kilichojaa, na hapo imehesabiwa yote: ya mboga, ya mkate, ya samaki. Mama huyu anatia chumvi kwenye mchuzi, halafu anamalizia na kile kiungo cha kwenye pakiti ambacho nacho sehemu kubwa ni chumvi, halafu ameweka kopo la chumvi mezani. Nimeona wazee wenzangu wanalishika kopo hilo kabla hawajaonja. Ulimi wa uzeeni unapoteza makali, kila kitu kinaonekana hakijakolea, mkono unakwenda kwenye kopo. Tumeelewana naye kwamba dagaa wangu anawapakua kabla ya kile kiungo, na ananiletea ndimu na pilipili ya kupondwa. Ndimu inakoleza kuliko unavyodhani, na vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Lakini hilo ni kwa anayeomba. Asiyeomba anapewa kama wote, na walio wengi tunaona aibu kuomba.

Mawese nayo niyaseme, maana nikikaa kimya watu wa Ujiji watanisemea. Rangi ile nyekundu ndiyo mwili unaitengenezea vitamini A, na mama huyu hayaunguzi hadi yawe meupe kama wanavyofanya wengine, kitendo kinachoua faida hiyo. Lakini karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayopandisha lehemu kwenye damu. Anayemimina mpaka yaelee juu ya mboga hamtakii mzee heri. Huyu anatumia kijiko, si upawa, isipokuwa siku msaidizi wake akiwa jikoni. Siku hiyo kula maharage.

Vinywaji: soda za kumwaga, chai ya rangi ya kuchemka tangu asubuhi. Chai pamoja na chakula inazuia madini ya chuma, kwa hiyo mimi naisubiri nyumbani, baada ya saa moja hivi. Kitu kizuri ni jagi la maji ya kuchemshwa ambalo analileta bila kuulizwa na anasimama hapo mpaka umejimiminia. Mwanzoni niliona usumbufu. Kiu ya mzee haiji kwa wakati, na anayemeza dawa ya presha ya kukojoza ndiye anayekaukiwa bila habari. Sijui kama mama anayajua hayo au ni malezi tu ya kwao.

Mahali penyewe hapajajengwa kwa magoti yetu. Mabenchi ni marefu, hayana mgongo, na mmoja akinyanyuka upande wa pili wewe unashuka. Kuna mtaro wa kuruka pale mbele, ubao wake unacheza. Mvua ikinyesha usimlete mzee wa mkongojo. Choo ni cha soko, na ni mbali. Spika ya jirani anayeuza simu inapiga tangu saa nne, na anayesikia kwa shida hasikii tena chochote. Nimemwambia mama atafute hata viti viwili vya plastiki vyenye mgongo, akasema ataviweka na vijana watavikalia. Nimeshindwa kumjibu.

Na mwenye ugonjwa wa figo asinifuate mimi. Dagaa wengi na mboga nyingi za majani si chakula cha kila mgonjwa wa figo. Huyo aende na maagizo ya daktari wake, amwambie mama kiasi, atapimiwa. Ninavyomwona, ni mtu wa kusikiliza.

Kwa walio mbali na wazazi wao: mtoto mmoja aliyeko Mwanza anamlipia baba yake hapa kwa wiki, kwa simu, na mama anaandika kwenye daftari aliyokula na ambayo hakuyagusa. Baba akikosa kufika, anapigiwa simu kuulizwa. Huo ni utaratibu ambao hata hoteli kubwa hawana, na unagharimu sahani zenyewe tu.

Fika kati ya saa sita na saa saba unusu. Baada ya hapo kisamvu kimeisha na utabaki na wali na mchuzi. Ijumaa anafunga wakati wa swala, Jumapili hafungui, na Ramadhani anauza futari jioni tu, ambayo sijaionja. Dagaa na ugali elfu tatu, maharage elfu mbili, migebuka elfu nne, kuhe muulize yeye. Ukiagiza, sema mapema "bila kiungo", kabla sufuria haijaondoka jikoni.