Kioo cha Kutazamia Filamu: Kipi Ununue Kisumu na Nakuru, na Kipi Ukiache Dukani

Filamu za miaka hii hulaumiwa kwa mambo mawili: picha ni giza tupu, na maneno hayasikiki. Kuna wakati kosa ni la mwongozaji kweli. Lakini mara nyingi kosa liko sebuleni: kioo kinachogeuza weusi kuwa kijivu, na spika mbili ndogo zilizoelekezwa sakafuni. Kwa hiyo hukumu hizi si za filamu bali za vyombo vya kuzitazamia, kwa mtu anayetazama usiku baada ya kazi, kwa flashi, king'amuzi au intaneti.

Tumepima kwanza weusi wa picha, kisha usomaji wa maandishi ya chini, kisha namna chombo kinavyovumilia stima yetu. Namba kubwa zilizochapwa kwenye boksi hazikutushughulisha sana.

1. TV ya inchi 50 au 55, ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160), yenye paneli ya VA

Hukumu: kama pesa inafika, nunua hii uache kuzunguka.

Paneli ya VA hutoa utofauti wa weusi na weupe wa 3000:1 au zaidi, wakati aina nyingine ya paneli, IPS, huwa karibu 1000:1. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utamwona mtu aliyesimama gizani au utaona ukungu. Muuzaji hatakuambia paneli ni ya aina gani, na pengine hajui. Ipime mwenyewe. Nenda na flashi yenye tukio la usiku, umwombe atoe TV kwenye hali ya maonyesho ya dukani na kuiweka kwenye hali ya filamu, kisha uangalie mistari myeusi ya juu na chini ya picha. Ikiwa inang'aa kijivu, hasa pembeni, hiyo siyo.

VA ina udhaifu wake: ukiitazama kutoka upande, rangi hupauka. Sebule nyingi za kwetu zina viti vilivyozunguka kuta tatu, na wageni hukaa pembeni. Kama yako ndiyo hiyo, na watazamaji ni wengi kila jioni, afadhali IPS pamoja na udhaifu wake.

Kwa inchi 55, kaa kati ya mita 1.7 na 2.2 kutoka kwenye kioo. Ukirudi mita nne huko nyuma, 4K uliyoilipia hutaiona.

Ukifika nyumbani, zima kitu kinacholainisha mwendo. LG hukiita TruMotion, Sony hukiita Motionflow. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. TV ikibuni picha zake za katikati, filamu nzima huanza kuonekana kama taarifa ya habari. Hakuna marekebisho mengine yanayoleta faida kubwa namna hii bila kulipa hata shilingi. Ukali wa kingo ushushe karibu na sifuri. Usiku, punguza mwanga wa nyuma ya paneli, wala usiguse ule mpangilio wa mwangaza wa picha, kwa maana huo ndio unaoharibu weusi.

Usilipie zaidi kwa sababu ya neno HDR, yaani picha yenye weupe mkali na weusi mzito zaidi. TV za bei ya kawaida hazina mwanga wa kutosha kuionyesha inavyotakiwa, na mara nyingi filamu yenye HDR huonekana na giza zaidi kuliko ile ya kawaida.

2. TV ya inchi 43

Hukumu: chaguo la bedsita na la chumba kimoja na sebule.

Kaa mita 1.3 hadi 1.7. Full HD (pikseli 1920 kwa 1080) inatosha kabisa kwa umbali huo. Hakikisha ina king'amuzi cha DVB-T2 (mfumo wa TV ya dijitali ya antena) ndani, ili usinunue kingine kwa ajili ya stesheni za bure.

3. Projekta ya mtumba, ya 3LCD (yenye paneli tatu ndogo za LCD), yenye Full HD halisi

Hukumu: hakuna kinachoikaribia sinema kama hii, lakini ni ya mtu mwenye chumba cha giza na subira ya kukagua.

Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na urefu wa 125. Projekta nyingi za aina hii huhitaji kama mita 3.3 kutoka ukutani ili kuitoa. Weusi wa projekta ni rangi ya ukuta wako jinsi ulivyo wakati huo. Kama mwanga wa mulika mwizi, zile taa kubwa za mtaani, kule Kondele au Nyalenda mjini Kisumu unapenya pazia, weusi hakuna. Shona pazia zito kabla ya kununua chombo, na upake ukuta rangi nyeupe isiyong'aa.

Kagua hivi, kwa mpangilio huu. Fungua menyu usome saa za taa. Taa nyingi za ofisini hudumu kati ya saa 4,000 na 6,000, na kihesabuji huweza kurudishwa sifuri, kwa hiyo usikiamini peke yake. Onyesha ukurasa mweupe mtupu: doa la njano au buluu kwenye kona ni dalili kwamba vichujio vya ndani vimeungua kwa joto, na hapo achana nayo. Onyesha ukurasa mweusi: madoa ya mviringo yenye ukungu ni vumbi lililoingia ndani, na fundi anaweza kulisafisha. Iache iwake nusu saa. Ikijizima, feni au kichujio cha hewa kina tatizo. Mwisho, uliza bei ya taa mpya kabla hujalipa.

Mtego mkubwa ni azimio. Projekta nyingi za mtumba zilikuwa za darasani, zenye pikseli 1024 kwa 768. Filamu ya umbo pana la sinema (2.39:1) ikiwekwa humo hubaki na mistari 428 tu ya picha, kisha unaikuza ijaze ukuta. Tafuta 1920 kwa 1080. Ukikosa, shuka hadi 1280 kwa 800, usiende chini ya hapo.

Stima ikikatika ghafla, feni husimama taa ikiwa bado ya moto sana, na jambo hilo hufupisha maisha yake. Projekta hula wati 300 hivi. UPS (betri ya akiba) ya volti-ampea 1000 itakupa dakika za kuizima kwa utaratibu. Na ukionyesha filamu nje, kwa mfano kule Dunga, ufukweni Kisumu, wadudu wa ziwani watafuata mwanga hadi kwenye tundu la hewa. Huko Njoro na Nakuru adui ni vumbi la Januari na Februari: safisha kichujio kila mwezi.

4. Monita ya ofisini ya inchi 24

Hukumu: mwanafunzi wa chuo kikuu cha Maseno au Egerton asidharau.

Full HD, unakaa mita moja, picha ni safi. Chagua yenye HDMI. Yenye VGA pekee haipitishi sauti, na hata kati ya zenye HDMI, nyingi hazina spika, kwa hiyo weka akiba ya hedifoni nzuri.

5. TV ya inchi 32

Hukumu: ya habari na mpira.

Nyingi ni za pikseli 1366 kwa 768. Filamu ya umbo pana hubaki na urefu wa sentimita 30 tu, sawa na rula ya shule. Maandishi ya chini hayasomeki kutoka kwenye kochi.

6. Vijiprojekta vidogo vya LED vinavyoandikwa "4K"

Hukumu: usinunue kwa ajili ya filamu.

Maana ya 4K hapo ni kwamba kinapokea faili ya 4K. Paneli yenyewe mara nyingi ni 1280 kwa 720. Lumeni (kipimo cha mwanga) zilizoandikwa si za ANSI, yaani hazikupimwa kwa kipimo sanifu, kona hazikai kwenye fokasi, na vumbi huingia kwa sababu chumba cha lenzi hakijazibwa. Kwa kuwa vingi havina kibali cha Netflix, programu hukataa kufunguka au hutoa picha duni.

Sauti na faili

Tenga sehemu ya bajeti kwa sauti. Wufa (spika ya mlio mzito) ya bei rahisi hutikisa mabati lakini hufunika maneno. Anayependa filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro atakuwa anasikia mabomu kuliko masimulizi. Soundbar ya kawaida kupitia tundu la HDMI lililoandikwa ARC ni bora. Mvua ikipiga bati, hakuna spika itakayoshinda: washa maandishi.

Picha ikitoka bila sauti kwenye flashi, mara nyingi sauti ni ya mfumo wa DTS na TV haina leseni yake. Flashi ikikataa faili kubwa, imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, ambao haubebi faili moja kufikia GB 4. Ipange upya kwa exFAT au NTFS, ukianza kwa kuhamisha vilivyomo. Kwa intaneti, Netflix inashauri Mbps 5 kwa Full HD na 15 kwa 4K, na HD hula hadi GB 3 kwa saa. Bando dogo halitoboi filamu moja.

Kulipa, kubeba, kulinda

Ukiagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, TV isafiri ikiwa imesimama, isilazwe kamwe. Ifungue mbele ya wakala wa vifurushi, iwashe, na utazame rangi nyekundu, kijani, buluu na nyeupe kioo kizima kabla hujasaini. Ufa wa ndani hauonekani kioo kikiwa kimezimwa. Waranti iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya TV yenyewe.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. TV gadi husaidia stima inapopanda na kushuka, lakini haizuii radi. Ngurumo zikianza, chomoa waya wa stima na wa antena, na HDMI ya king'amuzi pia, kwa sababu mshtuko hupitia kwenye dishi ukaua tundu la HDMI hata kama TV yenyewe imezimwa ukutani.