LibreOffice na PDFsam kwa kazi ya kijitabu cha hesabu za chama

Kila mwanzo wa mwaka, chama chetu cha akiba na mikopo hapa Kisauni huwapa wanachama kijitabu chenye ripoti ya mwenyekiti, kumbukumbu za mikutano na, lililo muhimu kuliko yote, jedwali la hesabu linaloonyesha mchango, mkopo na baki ya kila mtu. Maandishi hutoka kwa katibu, hesabu hutoka kwa mweka hazina zikiwa katika lahajedwali, na kazi ya kuviunganisha ni yangu. Mwaka jana tulizipeleka faili hizo kama zilivyo kwenye duka moja la uchapishaji mjini. Zilipotoka, safuwima ya mwisho, yaani ile ya baki, ilikuwa imekatika na kuhamia ukurasa wa peke yake usiokuwa na jina hata moja. Mama mmoja mzee, aliyeanza nasi tangu siku ya kwanza, aliigeuza karatasi mbele na nyuma, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, na baki yangu i wapi?” Kwa sababu ya swali hilo, mwaka huu niliamua kuifanya kazi yote mwenyewe, hadi hatua ya mwisho kabla ya karatasi.

Nimetumia LibreOffice, mkusanyiko wa programu za kuandikia na kufanyia hesabu uliotokana na OpenOffice.org mwaka 2010, pamoja na PDFsam Basic, ambayo kazi yake ni kuunganisha na kutenganisha faili za PDF. Zote mbili ni za bure na zinafanya kazi bila intaneti mara zikishawekwa kwenye kompyuta, jambo lenye uzito kwa kikundi ambacho kila shilingi yake ina mwenyewe. (Msomaji wa Kiswahili atafurahi kukumbuka kwamba OpenOffice hiyo ilitafsiriwa kwa lugha yetu mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.)

Uamuzi wa kwanza ni ukubwa wa ukurasa, na ni lazima ufanywe kabla ya kupanga chochote. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa za A5. Ukiandika kwa A4 kisha ukaacha mashine ipunguze, herufi ya pointi 12 hushuka hadi kama pointi 8 na nusu, na tarakimu za jedwali ambazo tayari zilikuwa ndogo hazisomeki tena. Kwa hiyo niliziweka faili zote katika A5 tangu mwanzo, nikaacha nafasi ya kutosha upande wa mkunjo.

Kosa ambalo wengi hulifanya, nami nilianza nalo, ni kulipachika lahajedwali ndani ya hati ya maandishi. Likipachikwa hivyo huwa kama picha: halijigawi kuingia ukurasa wa pili, na jedwali la watu arubaini na wawili haliwezi kuenea katika ukurasa mmoja wa A5. Calc, sehemu ya LibreOffice inayoshughulikia hesabu, ina njia iliyo bora zaidi. Katika mipangilio ya ukurasa unaiamuru ibane upana wa jedwali uwe ukurasa mmoja, huku urefu ukiachwa uendelee kadiri ya majina. Kisha unachagua mstari wa vichwa urudiwe juu ya kila ukurasa, ili anayesoma ukurasa wa tatu wa jedwali ajue safuwima ipi ni mkopo na ipi ni baki. Katika mipangilio ile ile ya ukurasa unaweza kuiambia ianze kuhesabu kurasa kutoka nambari unayotaka. Ripoti yetu iliishia ukurasa wa 12, basi jedwali likaanza na 13, na hakuna msomaji atakayejua kwamba vitu hivyo vilitoka katika faili mbili. Kwa uwezo huu peke yake ningeipendekeza Calc kwa mweka hazina yeyote.

Baada ya hapo kila faili huhifadhiwa kama PDF, na PDFsam huziunganisha kwa mpangilio uliochagua. Kazi hiyo ni nyepesi na sina zaidi la kusema juu yake.

Uchapishaji wenyewe niliufanya kwa Acrobat Reader, programu ya kusomea PDF, ambayo ina chaguo la kijitabu, yaani huzipanga kurasa mbili mbili kila upande wa karatasi ili zikikunjwa zifuatane. Kijitabu chetu kina kurasa 24, yaani karatasi sita, na karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 24 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 23 upande wa pili. Jumla ya kila jozi ni 25, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kukagua kama mpangilio ni sahihi. Idadi ya kurasa isipogawanyika kwa nne, kurasa tupu huongezwa mwishoni. Printa nayo iambiwe igeuze karatasi kwa ukingo mfupi. Ikigeuza kwa ukingo mrefu, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini.

Upungufu wa LibreOffice uko kwenye fonti, yaani muundo wa herufi. Hati iliyoandikwa kwa Calibri haihamishi mistari, kwa kuwa programu huja na Carlito yenye upana ule ule, lakini fonti nyingine isiyokuwepo kwenye kompyuta hubadilishwa, na aya zikasogea. Mwombeni katibu atumie fonti mliyokubaliana.

Nilichapisha nakala moja kwanza, nikaikunja, nikampelekea yule mama. Alilikuta jina lake na baki yake katika mstari mmoja, ukurasa wa 15, ila akasema tarakimu zingali ndogo kwa macho yake. Nikarudi nikaondoa safuwima mbili za tarehe ambazo hakuna aliyezihitaji, herufi zikapanda hadi pointi 10, ndipo nikachapisha nakala zilizobaki.